Sindano Haionjwi

Waombolezaji, mliotoka karibu na mliotoka mbali, familia inawasomea maisha ya mama yetu Benedikta Minza Mayige, aliyezaliwa Bukundi, wilayani Meatu, tarehe 12 Aprili 1951, akasoma hadi darasa la nne, akaishia hapo kwa sababu ng'ombe walihitaji mchungaji, na tangu utotoni hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa.

Alilima pamba maisha yake yote, na kila alipoipeleka kuuza alibeba jiwe lake alilojua uzito wake, akalitanguliza kwenye mizani, karani anune asinune. Tarehe 18 Julai 1970 alifunga ndoa na Sylvester Ngassa wa Lagangabilili, wakajaliwa watoto wawili, Shija na Anna, na mzee huyo, aliyetangulia mwaka 2018, hakuwahi kumpa mkewe kinywaji bila kukionja kwanza, kama ilivyo desturi kwetu, ili anayepokea ajue hakina sumu.

Mwaka 2016 aligundulika kuwa na kisukari, miguu ikaanza kumuunguza kama aliyekanyaga makaa, maumivu yasiyolala, macho nayo yakafifia, na kwa kuwa sindano ya kila siku ilimshinda, Februari 2021 akahamia kituo cha kutunzia wazee hapa Bariadi. Huko alishuku kila kitu. Uji hauna sukari, akasema sukari yake inaliwa jikoni, dawa za maumivu zikimletea usingizi, akasema analazwa ili aibiwe vitenge, na sindano ndiyo hakutaka hata kuiona. Muuguzi Winnie alipombembeleza, mama alimjibu, "Sindano haionjwi, mwanangu, basi onja uji wangu, nikuone." Winnie akaonja, akaendelea kuonja kila asubuhi kwa miaka minne, na mama akawa anatoa mkono achomwe, huku bado anamkodolea macho.

Figo zilishindwa, akafariki tarehe 3 Machi 2025. Tunajua yanayonong'onwa hapa tangu jana, kwamba aliyeshika sindano aulizwe, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, hata mganga ametajwa. Basi sikieni alichokiona Anna Jumapili ile, siku moja kabla: mama aliletewa uji, akakataa kuonjewa, akanywa funda moja yeye mwenyewe, kisha akampa Winnie kikombe kwa mikono miwili, kama anayempokea mgeni nyumbani kwake.

Tunawashukuru madaktari, wafanyakazi wa kituo, majirani wa Lagangabilili na wakulima wenzake wa pamba. Winnie yupo hapa tangu jana, hajagusa chakula cha msiba, na kwa macho tuliyomtazama nayo hatuwezi kumlaumu, inatuuma. Tukitoka makaburini Anna atapakua sahani, ataonja yeye kwanza, ndipo ampe.

Nawe Mayu, mama yetu, uliyechoka kukagua kila kikombe, sasa fumba macho, pumzika kwa amani.