Gunia la Hasi Kilo Thelathini na Moja

Lori la Mgeta lilipoanza kuteremka, Mama Winfrida alimgeukia kijana aliyekaa naye juu ya magunia. "Leo kabichi zangu zimepimwa hasi kilo thelathini na moja. Wanunuzi wa kule juu wamelikataa gunia." Mimi, abiria mwenzao, nilikuwa nimelikalia hilohilo gunia, na sikuona wepesi wowote.

Kijana, Mansuri, alisema ametoka kuikagua mizani hiyo ya kielektroniki, na kesho anarudi na programu mpya aliyoiandika. "Shida si mizani, mama. Programu ya zamani iliitengea namba nafasi ndogo, mwisho gramu elfu thelathini na mbili na ushee. Mzigo ukizidi hapo, namba inageuka hasi."

"Kumbe ni lumbesa," alisema mama. "Lakini sisi gunia likizidi mdomo tunaongeza kamba juu, kila mtu anaona. Kwenu kilichozidi kinakwenda wapi?"

"Kinapotea. Aliyeiandika alidhani hakuna mzigo utakaofika huko."

"Na hiyo yako umeipa nafasi kiasi gani?"

"Gramu bilioni mbili. Hakuna mzigo utakaofika huko."

Mama alimtazama, akazigonga kamba za gunia kwa kidole. Lori liliposimama sokoni, Mansuri alishuka, akabaki amesimama, akiangalia kamba za gunia.