Ndaya Hakunila

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haiendi mbali tena. Lazare, mwanangu wa kwanza, kaa upande huu nikuone. Lucienne, niinue mgongo kidogo, hapo, inatosha. Pasta Éphraïm, nimekuita uwe shahidi. Na wewe shemeji Kyungu, mdogo wake marehemu mume wangu, ningeweza kukuzuia usiingie, lakini nataka uyasikie haya kwa masikio yako, usije ukasema kesho kwamba watoto wameyatunga.

Naanza na kifo changu. Mnaniona nimebaki mifupa, na huko sokoni watu wananong'ona kwamba Ndaya, kitinda mimba wangu, ndiye anayenila kwa uchawi. Kwamba alianza na baba yake, sasa amemgeukia mama. Ulimi hauna mfupa. Baba yenu aliuawa na ini, mliyaona macho yake yalivyogeuka manjano. Mimi nina uvimbe katika kizazi, daktari aliniambia Lucienne akiwepo. Lazare, siku ya kilio, kabla hawajaimba wimbo wa kwanza, simama useme ugonjwa ulioniua, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, na useme kwamba mama Agar mwenyewe alikuagiza. Usiponisemea, mtu atapendekeza mtoto aondolewe, mwingine ataitikia, na ninyi mtasimama pale mnatazama chini.

Ninyi wawili mlikuwa mmekwisha kuondoka nyumbani alipozaliwa, kwa hiyo hamkuyaona. Ndaya alitembea mapema. Alisema mama, alisema mayi akiwa na kiu. Lakini hakututazama machoni, na ukimwita jina lake aliendelea kuzungusha kifuniko cha sufuria kama hakuna mtu aliyesema. Treni ikipiga honi pale gare, aliziba masikio na kulia mpaka akatapika. Tulihangaika naye. Muuguzi alitupa dawa ya minyoo. Mganga wa upande wa Malemba-Nkulu alimchanja kifuani. Kisha akaja daktari kijana kwa wamisionari, akakaa na mtoto sakafuni asubuhi nzima, akatuambia, "Hii iko na jina kwa Kifaransa, autisme. Haina dawa. Lakini mutoto anaweza kujifunza, polepole, kama munamufundisha kila siku namna moja."

Baba yenu akamwuliza, "Docteur, iko kosa ya nani?"

"Haiko kosa ya muntu."

Wanangu, baba yenu, mwalimu aliyeogopwa na darasa zima, aliegemea ukuta akalia.

Tukaanza. Maneno machache, mkono ukionyesha. Chakula wakati uleule, bukari kwenye sahani ileile. Jambo likibadilika, tulimwonyesha kwanza. Watu walicheka kwamba mwalimu amekuwa mtumishi wa binti yake. Lakini Ndaya alianza kuleta kikombe chake mwenyewe, akaanza kulala usiku, akanishika shingo mara moja moja, kwa kupenda kwake.

Ndipo baba yenu akafa. Mwaka huohuo mama yangu naye akafa kule Malemba-Nkulu, nikaenda kumzika, na mtoto nilimwacha mikononi mwako, shemeji. Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo nilivyojidanganya. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu, nawe ukanijibu umekaa, "Nimemupeleka ku maombi kule Kabondo-Dianda. Nabii atamutosha ule pepo, atoke kabisa."

Nilipanda lori juu ya magunia, katika barabara ile mnayoijua. Nilimkuta amefungwa kamba mguuni, kwenye nguzo, amenyimwa chakula, macho yamevimba kwa pilipili waliyomtia ili pepo aone uchungu atoke. Kulikuwa na watoto wengine kwenye nguzo nyingine. Kamba ile niliikata kwa meno. Wale wengine sikuweza kuwafungua, wanaume walinisukuma nje, na mmoja wao, msichana mdogo kuliko Ndaya, alinyoosha mikono nadhani akifikiri nimekuja kwa ajili yake pia.

Ndaya hakulia njia nzima. Tangu siku ile mayi halijatoka kinywani mwake, wala mama.

Shemeji, nimekusamehe, Pasta anajua. Lakini msamaha si ufunguo wa nyumba. Hutamchukua binti yangu tena, si kwa maombi, si kwa matembezi.

Na wewe Lazare, unataka Ndaya apelekwe kile kituo cha watoto kule Lubumbashi. Hujasema kwa ubaya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikwenda kukiona, sikukuambia. Watoto wamekaa ukutani vichwa vimelala mabegani, na mama mmoja mlezi wa pale akanieleza kwa upole, "Tukibapa vidonge, habasumbuake." Mimi sikumzaa Ndaya ili asisumbue.

Nyumba hii na shamba la mihogo ni vya Lucienne na Ndaya pamoja, visiuzwe Ndaya akiwa hai. Lazare, chukua vitabu vya baba yako na kiwanja cha kule juu. Lucienne, usimpeleke kuishi nawe kambini kule Base, kelele za ndege za jeshi zitamtia wazimu kweli. Mwombe mumeo Gaston mhamie hapa. Juzi ulilia ukaniambia wakwe zako watasema umeleta ndoki, mchawi, nyumbani. Sikukukasirikia. Leo nakuuliza mbele ya Pasta: utamlea mdogo wako?

Sema kwa nguvu, sisikii.

"Nitajaribu, Mama."

Basi. Inanitosha. "Ndiyo" ya haraka ningeiogopa.

Nipeni maji... wafwako, asante. Sikilizeni la maziko. Msimlazimishe Ndaya kugusa maiti yangu, wala kunitupia udongo. Hatalia, pengine atacheka. Asipigwe kwa hilo. Wanawake wakianza kupaza sauti, mtu amtoe, ampeleke shambani. Na atanitafuta. Kwa siku nyingi ataingia humu kutazama kitanda. Msimdanganye kwamba nimesafiri. Mpelekeni kaburini, mmwonyeshe kwa mkono, maneno machache. Mpelekeni tena, na tena.

Vidye, Mungu wetu, awape nguvu ambazo mimi... Lazare, ulimi wako usiogope watu. Lucienne, mikono yako isichoke, na ikichoka, ipumzike, ianze tena. Watoto wenu wasimwonee haya shangazi... mama yao mdogo. Hata wewe, Kyungu, uzeeke kwa amani. Mbali na yeye.

Nilaze. Polepole. Yuko wapi Ndaya? Nje, kwenye mtungi? Msimvute. Msimwite. Lucienne, mlango... uache wazi. Akitaka... huingia mwenyewe.