Ekseli Juu, Ekseli Chini

"Fundi, nichomelee ekseli ya pedeli juu kidogo," kijana mwenye bandeji kiwikoni alimsihi fundi baiskeli aliyeketi kando yake katika kosta, basi dogo la kwenda Liuli. "Kwenye kona pedeli iligonga chini, nikaanguka, na mashindano ni Jumapili." Fundi akatikisa kichwa. "Ekseli ikipanda, kiti nacho kinapanda ili miguu inyooke, mdogo wangu. Utayumba kama mzigo." "Sasa nianguke kwa kuwa chini au kwa kuwa juu?" Mimi, abiria wa kiti cha nyuma yao, nilishapotea kwenye ekseli.

Mteremkoni kosta ikakata kona, ikalalia upande kwa uzito wa magunia ya mahindi yaliyorundikwa juu ya paa. Tukashikana. "Umeona hasara ya juu?" fundi akauliza. Papo hapo jiwe likakwangua tumbo la gari, injini ikazima. "Na ya chini je?" kijana akauliza. Tukateremka wote, fundi akiwa wa kwanza kuinama kuchungulia chini ya gari.