Basi Lisilopiga Rivasi

Jumapili ile kahawa haikunyweka. Niliichemsha mwenyewe kwa birika la marehemu mke wangu, nikashuka nalo kutoka ghorofa ya nne mpaka kwenye benchi letu la mbele ya jengo, sukari nikatia kama siku zote, lakini kila aliyeonja alikunja uso. Mji mzima ulikuwa kama una msiba. Jana yake Furnalul, timu yetu, ilikuwa imeshuka daraja bila kugusa mpira. Sare tu ilitutosha. Tulikwenda watu elfu mbili mpaka mji wa ng'ambo ya mlima, tukakaa jukwaani tukitafuna mbegu za alizeti, tukaisubiri timu, na timu haikutokea. Lori la bia lilikatika ekseli kwenye kichochoro cha uwanja wetu, likaziba njia mbele ya basi la wachezaji. Walipofika kwa teksi tatu na trekta, refa alikuwa ameshavua jezi yake na anafunga kamba za viatu vya kwendea nyumbani. Tukapigwa tatu bila mezani. Jioni redio ikatangaza kwamba Remus Trifan, kocha wetu, ameacha kazi.

Remus huyo huyo. Mabao mia mbili na kumi na manne kwa Furnalul, mengi ya kichwa, kisha akaenda kufundisha Uturuki na Saiprasi, akarudi kutuokoa. Na popote alipofundisha, jambo la kwanza aliongea na dereva: siku ya mechi basi halipigi rivasi, hata hatua moja. Makocha nusu ya nchi wamemuiga.

Sasa niseme lile ambalo wenzangu pale bencheni hawakulijua. Sheria ile ilitoka kinywani mwangu. Niliendesha basi la timu miaka kumi na minane, na mwaka themanini na nane, mwezi wa tatu, gia ya rivasi ilinifia. Spea hazikuwepo, na mkurugenzi wa kiwanda chenye timu alikuwa akimfukuza mtu kazi kwa kosa la sufuria iliyopotea. Nikawaambia wachezaji kwamba kurudi nyuma siku ya mechi ni nuksi. Wakashinda mechi tisa mfululizo. Remus alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akalimeza neno langu zima zima. Nilinyamaza toka siku ile, na asubuhi ile ulimi ulikuwa ukiniwasha.

Tulikuwa watatu. Octav, tunayemwita Hakimu kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakamani siku tatu, na Titi Barometa, ambaye goti lake hutabiri mvua na mvua hainyeshi.

— Lile lori limelipiwa, alisema Hakimu. Lori la bia Jumamosi saa tano, kwenye kichochoro kile? Lilikuwa linampelekea nani? Kule kuna mafrateri na duka la nyuzi.

— Mafrateri wanakunywa, nikasema.

— Si makreti mia mbili, nea Pompi, alijibu Hakimu. Kwetu mzee huitwa nea, kwa heshima.

Barometa akatema maganda ya mbegu. Yeye aliona mbali zaidi. Ekseli ile, alisema, ilikatwa kwa msumeno, na aliyeikata ni mtu wa idara ya polisi wa siri wa utawala wa zamani, mmoja wa wale waliokosa kumsajili Remus kwenye timu yao mwaka themanini na tisa. Wamekaa na kinyongo miaka yote hiyo, wakisubiri lori.

— Miaka thelathini na kitu wanasubiri lori? akauliza Hakimu.

— Hao wana subira, bwana. Wana pensheni nono.

Hakimu akakataa kushindwa. Akasema jambo ni kubwa kuliko idara. Kiwanda kimekufa, uwanja uko katikati ya mji, timu ikifa na yenyewe watajenga duka kubwa. Kwa hiyo wenye duka wamemnunua mwenye bia, mwenye bia kamnunua dereva, na refa alishavaa viatu vya nyumbani tangu asubuhi. Hata viatu vyenyewe, alisema, vilikuwa vipya.

— Na Remus je? nikauliza. Naye kanunuliwa?

Wote wawili wakaniangalia kama nimetukana kanisa.

— Remus? alisema Barometa. Mtu aliyeikataa Italia?

Nilijua anachokwenda kusema, maana kila mtu hapa mjini anakijua. Mwaka tisini utawala ule ulikuwa umeanguka na mipaka imefunguliwa. Waitaliano walimletea teksi mpaka mlangoni, mkataba ukiwa mfukoni mwa wakala. Dereva akapiga rivasi kutoka uani. Remus, ambaye kwake safari ile ilikuwa sawa na mechi, akasema simama, akashuka na sanduku lake, akaingia ndani, mama yake akamkaangia mayai. Watu wakaimba jina lake wiki nzima kwa kuwa kabaki nasi. Mimi niliimba nao, nikijua kilichomshusha kwenye teksi ni gia yangu mbovu.

— Mtu wa namna hiyo hanunuliki, akamalizia Barometa.

Tulipoinua vichwa, Remus mwenyewe alikuwa amesimama mbele yetu. Nywele zote nyeupe, koti la mvua juu ya bega, funguo za gari mkononi. Hakimu alisogea kumpisha, nami nikammiminia kikombe. Akasema amekuja kutuaga, anakwenda kwa dada yake kule Constanța, mji wa pwani, na pengine hatarudi.

— Wamekuhujumu, kocha, alisema Hakimu. Tunalijua hilo.

— Hakuna aliyenihujumu, nea Octav. Kosa ni langu, nimelisema redioni.

— Kosa lako liko wapi? Ulikaa mbele ya lori saa nzima. Ungefanya nini zaidi?

Wakati huo alitoka mlangoni Smaranda, muuguzi aliyehamia ghorofa ya pili wiki iliyopita, na mkoba wake wa mkate. Alitusalimia kwa adabu. Nadhani hakumtambua Remus, maana kwao wanacheza mpira wa mikono.

— Samahanini wazee wangu, alisema. Jana nilikuwa dirishani, upande wa uwanja, nikaliona lile basi. Nyuma yake geti la uwanja lilikuwa wazi, na upande wa pili kuna barabara. Kwa nini halikurudi nyuma?

Barometa alicheka peke yake, akaacha.

— Siku ya mechi basi halipigi rivasi, dada, alisema Hakimu, kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa.

— Kwa nini?

Hakimu alifungua mdomo. Barometa akaanza kukanda goti lake. Nilistaajabu kuwatazama: watu wenye nadharia ya msumeno, ya viatu vya refa, ya duka kubwa, na kwa swali lile la neno moja hawakuwa na kitu. Walikuwa hawajawahi kujiuliza. Wakamgeukia Remus, na Remus akanigeukia mimi.

— Mwulizeni nea Pompi, alisema. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Wote wakanitazama. Nilikuwa na jibu mdomoni, maneno matatu tu, na nikamwona yule kijana wa mwaka tisini anashuka kwenye teksi na sanduku lake.

— Kahawa imekwisha, nikasema. Ngoja nikaongeze.

Nilipanda ngazi nikitweta. Kwenye ghorofa ya tatu nilisikia hatua nyuma yangu. Remus alinifikia, akashika ukuta.

— Gia ilikufa mwezi wa tatu, themanini na nane, alisema.

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

— Nani kakwambia?

— Fundi wa basi lako, Iosif, hospitalini, wiki aliyofariki. Mwaka tisini na tatu.

— Kwa hiyo umejua miaka yote hii. Na jana ulijua.

— Nilijua.

— Sasa kwa nini, mwanangu? Geti lilikuwa wazi. Timu imeshuka, umepoteza kazi, watu wanalia. Kwa nini usimwambie dereva arudi nyuma?

Alikaa kando yangu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

— Nea Pompi, jana ningepiga rivasi tukaenda tukashinda, Italia ningekuwa nimeikataa kwa sababu gani?

Nilimtazama, nikatazama ngazi. Chini, Hakimu na Barometa walikuwa wameanza tena kubishana kuhusu ekseli, na sauti ya yule muuguzi haikusikika. Nadhani alishakwenda kununua mkate. Birika lilikuwa tupu mkononi mwangu, nami nililishika hivyo hivyo mpaka Remus aliponyanyuka, akanibusu kichwani, akashuka.