Damari na Visanduku Visivyopiga Kelele

Miaka ishirini na saba ametumikia kituo chetu cha afya hapa Ipyana, na tarehe 30 Juni Damari Mwakalinga, fundi wa mawasiliano, anastaafu. Alianza na simu ya upepo, anamaliza na visanduku vya waifai vilivyofungwa kwenye kuta za wodi zote. Miaka yote hiyo hakuna aliyetuudhi kama yeye.

Shida yake ni kupunguza. Kinaletwa kisanduku kipya, kina nguvu ya kurusha mawimbi mpaka kwenye mashamba ya kakao, yeye anakishusha kitoshe chumba kilimofungwa tu. Huku jikoni kwangu, mimi mpishi wa kituo, mtandao hata harufu yake sikuipata. Nikimlalamikia, ananijibu, "Bibi, kisanduku kinaweza kukuita toka mbali, lakini simu yako haina koo la kukijibu." Tukamwona mchoyo.

Siku moja akaenda msibani Ndandalo, na msiba wa kwetu si wa kwenda asubuhi ukarudi jioni. Huku nyuma watu wazima wakavipandisha visanduku vyote mpaka mwisho. Alama za mtandao zikajaa kwenye simu, wakafurahi. Kumbe visanduku vinapigiana kelele, hakuna kinachosikia. Siku hiyo hiyo mzazi mmoja wodini akaanza kutoka damu. Muuguzi Doreen anampigia daktari kwa mtandao huo huo, haipiti. Anapiga tena, haipiti. Ikabidi akimbie kwenye matope, viatu mkononi, kwenda kumwita. Mama alipona na mtoto alipona, ni Mungu tu.

Damari alirudi kanga ya msiba ikiwa bado kiunoni. Akavishusha kimoja kimoja huku anatuuliza, "Kanisani kila mtu akiimba kwa nguvu zake zote, hiyo mnaiita kwaya?" Kabla hajakaa, simu ya Doreen ikapita.

Ndiyo maana kustaafu kwake kuliniondolea usingizi. Akitoka tu, si watavipandisha tena, na safari hiyo Doreen achelewe? Lakini juzi daktari alimwomba Yusto, fundi anayeshika nafasi ya Damari, amwongezee nguvu kidogo ofisini. Yusto akamkatalia kavu. Akamfungia kisanduku kingine karibu na meza, nacho akakishusha. Anaudhi vilevile kama aliyemfundisha.

Basi nenda, Damari mwanangu. Ndaga fijo, asante sana. Rudi kwako Njisi ukapalilie mpunga wako, ulale mpaka jua litoke, Mungu akupe siku nyingi za raha. Wodi ya wazazi ikiita, itasikika.