Marehemu Cyrus Mwakio na Ukurasa wa Sitini na Moja

Cyrus Mwakio alizaliwa Wundanyi, Taita, tarehe 9 Agosti 1974, siku ambayo Rais wa Marekani aliachia madaraka kwa aibu. Baba yake, mwalimu, hakuchoka kumsimulia mwanawe kisa hicho: mlinzi wa jengo moja mjini Washington aliona utepe umebandikwa kwenye kitasa ili mlango usijifunge, akaita polisi, wezi waliotumwa kisiasa wakakamatwa, na rais aliyehangaika kuficha mambo akaanguka.

Alisoma hapohapo Wundanyi hadi kidato cha nne, mwaka 1992. Majirani walimpa barua zao aziandike kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, lakini aligoma kuandika uongo hata wa kuombea karo. Wengi walimwona mwenye kichwa kigumu.

Mwaka 2008 alikuja Dubai kufanya kazi ya ulinzi. Tarehe 18 Februari 2012 alimwoa Proscovia, Mganda afanyaye kazi za nyumbani katika mtaa wa Al Warqa. Kaka yake Proscovia, Matia, alipokosa kazi, Cyrus alimwombea nafasi kwenye jengo alilolinda. Siku moja Proscovia alimuuliza, "Na huyo mlinzi wa Marekani, yeye alipata nini?" Cyrus alicheka, akasema hilo baba hakuwahi kulisimulia.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2014, saa kumi na dakika ishirini alasiri, ofisi zikiwa zimefungwa, Cyrus alikuta utepe kwenye kitasa cha ghorofa ya nne. Ndani walikuwamo msimamizi wake, Rafiq, na watu wawili wakibeba faili za mpangaji aliyekuwa na kesi na mwenye jengo. Cyrus aliandika yote katika kitabu cha matukio, ukurasa wa sitini na moja. Kitabu cha walinzi hakichanwi wala hakifutwi.

"Yalla, Cyrus, andika upya," Rafiq alimwambia. "Hakuna kilichotokea, khalas."

"Kurasa zina namba, sir."

Basi kikanunuliwa kitabu kipya, na mlinzi mwingine akanakili kile cha zamani chote, tangu ukurasa wa kwanza. Kwenye ukurasa wa sitini na moja iliandikwa kwamba Cyrus alikutwa amelala. Alifukuzwa wiki hiyohiyo. Aliyeiba akabaki na cheo chake.

Kila kampuni aliyoomba kazi ilimuuliza kuhusu usingizi huo. Aliishia kubeba maboksi ghalani, akirudi chumbani kwetu International City hoi, na shinikizo la damu likamwanza mwaka 2015. Alifariki kwa kiharusi tarehe 2 Machi 2018. Siku mbili kabla, alimweleza mkewe jambo pekee alilowahi kumficha: mwandiko wa kitabu kipya aliutambua siku ileile aliyofukuzwa, akanyamaza asije akavunja undugu. Leo anazikwa hapa, makaburi ya Jebel Ali, kwa sababu alikataa kurudishwa Taita akiitwa mlinzi aliyelala.

Ameacha mama yake mzazi. Binti, Barbara, wa miaka mitano, anayelelewa na bibi huyo Wundanyi. Na mjane, Proscovia, aliyeandika wasifu huu kwa uchungu ambao hauna haja ya kufichwa. Ameacha pia shemeji, Matia, aliyenakili kitabu kile. Matia hakuonyeshwa maneno haya kabla ya leo. Ndiye anayewasomea.

Mungu ampokee Cyrus na ampumzishe. Na wewe Matia, kaka yangu, usikunje karatasi kabla hujasoma mstari wa mwisho, kwa sauti: Cyrus Mwakio hakuwa amelala.