Mshika Tatu: Maisha ya Kiguu, Fundi wa Lifti

Ndugu, jamaa na marafiki, mliokaa na mliosimama, mimi ni shangazi wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake na kuniomba niwe mfupi. Nitajitahidi, ila mtoto huyu hakuwahi kutulia mahali pamoja alipokuwa hai, na hata kwenye karatasi nimehangaika kumkalisha. Halafu kuna maneno nimeyasikia hapa msibani tangu juzi, kwamba eti amejimaliza mwenyewe kwa mbio. Nimeyasikia, na nitayafikia. Tuanze alipoanzia yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu kaka yangu, mkata tiketi wa stesheni, na wifi yangu, fundi cherehani, ambaye yupo hapa mbele. Wifi alikuwa amekwenda posta kununua stempu. Akiwa kwenye foleni akatambua kwamba mtoto aliyeambiwa atakuja wiki ijayo ameamua kuja leo. Huyo ndiye yeye. Alitembea kabla ya mwaka, na alipofika miaka mitatu alikuwa ameshakula katika kila nyumba ya mtaa wetu. Baba yake akamwita Kiguu, yaani kiguu na njia, jina likamganda hadi walimu wakalitumia. Akiwa na miaka tisa aliugua homa kali, magoti yakamvimba, akalala mwezi mzima. Tulidhani tunampoteza. Akaamka, akatoka nje kucheza, nasi tukasahau.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, kisha sekondari ya wasichana hadi 2006, na mwaka 2009 akapata cheti cha umeme katika chuo cha ufundi. Ripoti zake zote zilisifu hesabu na kulalamikia mdomo. Huko sekondari ndiko alikojifunza netiboli, na baadaye yeye na wenzake wakaanzisha timu ya mtaa, ile iliyovaa fulana za kijani leo. Mazoezi yalikuwa kila Jumamosi. Mvua ikinyesha, walikaa barazani kwa nahodha wao wakicheka mpaka majirani wakafunga madirisha.

Januari 2010 aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza lifti, akawa fundi mwanamke pekee. Alikagua kamba za chuma, breki na milango, akapanda hadi vyumba vya mashine juu ya mapaa ambako mimi nisingepanda hata kwa kulipwa. Mafundi hawa wana utaratibu wao: watu wakikwama ndani, fundi hagusi kitu kabla ya kuzungumza nao, maana mtu akishikwa na hofu huanza kulazimisha mlango. Basi hapo ndipo mdomo ule ulipopata ajira! Msimamizi wake ameniambia kwamba mara nyingi mlango ulifunguka, na watu wakabaki wamesimama humo humo ndani, wanangoja amalizie hadithi.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 2014. Mumewe ni kinyozi, mtu mpole, msemaji wa maneno mawili kwa siku. Kiguu aliingia kwenye kibanda chake cha kunyolea kukata nywele ziwe fupi zisinaswe na mashine, akalala usingizi kitini mkasi ukiwa kichwani. Kinyozi hakumwamsha. Wateja wakapanga foleni, wengine wakaondoka wakinung'unika, yeye akamwacha alale. Nilipomuuliza mtoto wangu amempendea nini mtu asiyeongea, alinijibu, "Shangazi, ni yeye tu asiyeniita." Mwaka 2016 wakajaliwa binti mmoja, ambaye sasa yuko darasa la pili.

Septemba 2020, bila kumshauri mtu, akajiandikisha stashahada ya uhandisi wa umeme, masomo ya jioni. Tukashangaa. Mtoto mdogo, kazi ya kupanda mapaa, timu, harusi za watu, mara amekwenda kumsaidia rafiki kuhama nyumba, na sasa chuo? Alisomea jikoni, alisomea kwenye vyumba vya mashine wakati wa chakula, na kwenye mechi alisomea pembeni ya uwanja mpaka aitwe. Nasi tulimwita, kila mtu kwa wakati wake. Mwaka uliofuata tukamwitia kikao. Mama yake alitaka aache chuo. Kaka yake mkubwa alitaka aache netiboli, akasema ni aibu mwanamke mzima kukimbizana na mpira. Mjomba alitaka aache kazi. Kinyozi aliangalia kucha zake. Mimi nilimwambia, "Mwanangu, kitu kimoja kimoja. Mengine baadaye." Mjomba akainuka kufunga kikao kwa hekima: mshika mbili moja humponyoka.

"Mjomba," akasema, "mimi nimeshika tatu. Methali yako hainihusu."

Kikao kilifia hapo. Tukacheka, tukala, na Jumatatu akaenda kazini, na jioni chuoni.

Nawapa kisa kimoja tu. Novemba 2022 alikuwa darasani na wenzake wakingoja mtihani, mhadhiri haonekani. Simu ya kazini ikalia: lifti imekwama, jengo lile lile la chuo. Akashuka na mkoba wa vifaa, akagonga mlango, akauliza kwa utaratibu wao nani yuko ndani. Ni mhadhiri, na karatasi za mtihani ziko kwapani.

"Pole mwalimu. Nikikutoa, mtihani unaanza?"

"Unaanza mara moja!"

"Basi vuta subira kidogo, kuna sura moja sijaimaliza."

Mhadhiri, ambaye tunaye hapa, ananiapia kwamba alimtoa upesi na kwamba sura ile kweli hakuwa ameimaliza. Somo hilo alilirudia mwaka uliofuata.

Sasa nifike kwenye maradhi, na nyinyi wa mbio nisikilizeni vizuri. Daktari ametueleza kwamba ile homa ya utotoni iliharibu valvu ya moyo wake, ikaendelea kuchakaa polepole miaka yote hiyo. Mbio hazikumwua. Chuo hakikumwua. Aliligundua jambo hili mwaka 2019, akaanza dawa, akawekwa kwenye foleni ya upasuaji. Daktari alimtaka asikimbie sana, ndiyo maana alihamia kulinda goli, akatuambia ni uzee. Aliyejua ni kinyozi peke yake, na tangu lini kinyozi akasema kitu? Nilimkabili kwenye korido ya hospitali, nimefura, nikamuuliza kwa nini walituficha. Akasema, "Alisema tukiwaambia mtamkalisha."

Na kweli tungemkalisha. Tungemvua kimoja kimoja mpaka abaki na kitanda. Mwaka wa kuambiwa ni 2019, mwaka wa kuanza chuo ni 2020. Hesabu hiyo hata mimi ninaiweza. Nilipokuwa nikimwambia mengine baadaye, yeye alikuwa ameshaambiwa habari za hiyo baadaye. Inaniuma, jamani. Inaniuma sana.

Alilazwa tarehe 27 Mei 2024. Mlangoni mwa wodi walikutana mafundi wa lifti, fulana za kijani na wanafunzi wenzake, na kila kundi lilishangaa kuona mengine. Msimamizi alisema marehemu hakukosa zamu. Nahodha akasema hakukosa mazoezi. Wakatazamana kama wake wenza. Muuguzi aliruhusu wawili wawili, wakaanza kubishana nani atangulie, na sauti ikatoka kitandani: "Msisukumane, nafasi ipo."

Ijumaa ya tarehe 31 ulikuwa mtihani wa somo lake la mwisho. Hakuweza kuinuka. Jioni alikuja mwenzake wa darasani, muuza vipuri, moja kwa moja kutoka kwenye mtihani. Kiguu akamwambia amsomee maswali. Mimi nilikuwepo. Alijibu moja baada ya jingine, anapumzika, anaendelea, mdomo umekauka. Alipomaliza, yule bwana alikuwa analia waziwazi. Akamwambia, "Dada, umefaulu yote."

Kiguu akakasirika! Akajiinua kwa kiwiko. "Usinipe maksi za huruma. La nne nimelikosea, nawe unajua nimelikosea." Akamfanya afungue daftari, wakalirudia pamoja mpaka likatoka sawa. Ndipo akalala.

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa mumewe, na mama yake alikuwa miguuni akimnyooshea shuka.

Tulipoandaa kijitabu hiki, kaka zake waliomba iandikwe kwamba marehemu alihitimu stashahada. Walisema nani atauliza, na ni heshima kwake. Nimekataa, na wameninunia mpaka asubuhi ya leo. Nimewaambia ninamjua niliyemlea. Angeinuka kwa kiwiko humo alimo. Kwa hiyo imeandikwa ilivyokuwa.

Marehemu ameacha mama, mume, binti mmoja, kaka wawili, mdogo wake wa kike, shangazi huyu, mjomba na methali yake, mafundi wenzake, timu yake, darasa lake, na somo moja.

Mungu ampokee na ampumzishe kwa amani. Na leo, jamani, asiitwe na mtu.